Pipa la Kumi na Saba

Kiwandani walimwita Bi Pua, na wala hakununa. Wapo watu waliopewa majina ya utani kwa sababu ya tumbo, au miguu, au jambo walilolifanya mara moja tu na mtaa ukakataa kulisahau. Yeye alipewa la pua kwa sababu ya kazi. Pua yenyewe ilikuwa ndogo, ya kawaida kabisa, ungekutana nayo njiani usingegeuka nyuma kuitazama. Lakini ndiyo iliyokuwa inaendesha nyumba yake.

Kiwanda kilikuwa cha watu kumi na wanne, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Upande wa mbele kulikuwa na matangi ya chuma ambamo shayiri na ngano zilipikwa. Upande wa nyuma kulikuwa na ghala lenye paa refu, baridi mchana kutwa, na humo mapipa arobaini na mawili ya mbao yamelala kwa safu tatu. Mapipa yalikuwa ya mtumba; yalikwisha kubeba mvinyo wa watu wengine kabla hayajanunuliwa. Bia iliyoingia humo haikutoka kesho wala kesho kutwa. Ilikaa mwaka, miaka miwili, mengine hata mitatu, ikishughulikiwa na hamira za porini ambazo hakuna aliyezialika, mpaka ikawa chachu. Si uchachu wa kuharibika, bali ule wa ndimu, wa kukufanya ufumbe jicho moja kisha unyooshe tena glasi. Kulikuwa na aina ya pili waliyoiita bia ya shambani, kavu na nyepesi, yenye harufu ya nyasi na zizi lililofagiliwa, ambayo zamani wakulima waliwapikia wavunaji wao. Mgeni akionja mara ya kwanza huuliza, kwa adabu, iliharibika lini. Akija mara ya tatu huomba chupa ya kwenda nayo nyumbani.

Taabu ya mapipa ni kwamba hayafanani. Jaza mawili siku moja, kutoka tangi moja, baada ya mwaka moja litakupa bia ya kumpa mkwe na jingine litakupa siki ya kusugulia vyungu. Ndiyo maana kila pipa lilitobolewa tundu dogo usoni, likazibwa kwa msumari wa chuma kisichoshika kutu. Ukichomoa msumari kwa koleo, bia inaruka nyembamba kama mkojo wa mtoto mchanga. Unakinga glasi, unarudisha msumari, unaonja. Kisha unaandika juu ya pipa kwa chaki. Mstari mmoja, lisubiri. Miwili, lichanganywe na wenzake. Duara, litoke peke yake, maana ni la heshima. Msalaba, limwagwe.

Chaki ilishikwa na mtu mmoja tu. Mzee mwenye kiwanda alikuwa na msemo wake kwamba mapipa hayapigiwi kura. Alipoona ulimi wake mwenyewe umechoka, aliitoa chaki mfukoni mwake akampa Bi Pua mbele ya wafanyakazi wote, na tangu siku hiyo ilikuwa mfukoni mwa Bi Pua, ikimchafulia kila gauni alilokuwa nalo. Mezani pia kulikuwa na utaratibu. Waonjaji wengine waliandika walichokinusa kwenye vijikaratasi na kuvifunika. Mshika chaki ndiye aliyesema wa kwanza, kwa sauti, mbele ya yeyote aliyekuwepo. Vijikaratasi vilifunuliwa baadaye. Ukikosea, umekosea hadharani.

Kwa hiyo utaelewa ilikuwaje asubuhi ya harusi ya mdogo wake, siku chache baada ya kukabidhiwa chaki.

Huyu mdogo wake alikuwa kitindamimba, na jina la Kitinda likamganda mpaka akaota ndevu. Mama yao alifariki mtoto ana miaka minne na dada ana kumi na minne, na kuanzia hapo dada ndiye akawa mama, baba na mwalimu. Alimbeba, akamwogesha, akamchapa, akamsomesha. Alipopata kazi kiwandani alimvuta naye, akaanza kwa kuosha mapipa. Kisha akamfundisha kunusa. Alimfunga kitambaa machoni, akawa anampitishia puani sabuni, daftari jipya, sarafu iliyotoka jasho la kiganja, na Kitinda alipaswa kusema ni nini. Asikubali kuishia kwenye neno moja, alimwambia. Harufu ina safari, na wewe uifuate mpaka nyumbani kwake. Kijana alikuwa na kipaji, akapata kiti kwenye meza ya waonjaji, na Bi Pua alijisifia kipaji kile kuliko chake.

Siku ya harusi basi, chumbani kwa bibi harusi, wasichana wanampaka rangi ya kucha. Mmoja akasema dirisha lifunguliwe kabla hawajazimia wote. Wenzake wakacheka, wakapunga viganja mbele ya pua zao. Bi Pua akadhani wanajidai. Yeye alisikia poda, alisikia pasi ya moto juu ya kitambaa, alisikia maji ya maua yaliyokaa siku mbili kwenye chombo. Rangi ya kucha hakuisikia. Alikichukua kile kichupa, akakisogeza mpaka puani. Ilikuwa kama kunusa jiwe.

Akakirudisha kwa wasichana, akatafuta mahali pa kukaa. Kwani rangi ya kucha ndivyo Mzee alivyoliita kosa baya kuliko yote ya pipa, lile linalokuja pale hewa inapopenya mbao na kuichokoza bia. Miaka yote Mzee alikuwa akisema, hili lina rangi ya kucha, na Bi Pua akiitikia kwa heshima ndiyo, Mzee, akidhani anachokisikia ni ule ukali wa ulimini. Kumbe pua yake ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa mahali pale pale ambapo mshika chaki hapaswi kuwa nalo. Hapo ndipo alipoelewa pia kwa nini aliweza kuolewa na fundi viatu na kulala miaka yote karibu na makopo ya gundi ambayo majirani waliyalalamikia.

Kumwambia Mzee haikuwezekana. Mwaka mmoja kabla, mwonjaji mtu mzima alikiri kwamba uchungu hausikii vizuri siku hizi. Mzee alimshukuru kwa ukweli wake, akampa mkono, akampeleka getini kufungulia magari. Bi Pua alimpita yule mtu kila asubuhi, wakasalimiana, na kila asubuhi aliharakisha hatua.

Akamwambia Kitinda peke yake. Kitinda alicheka kwanza, halafu alipoona dada yake hacheki, akaacha.

“Dada, si mimi ninayo pua?” alisema. “Tutatumia yangu.”

Wakapatana. Mezani kila mwonjaji alikuwa na glasi ya maji ya kusafishia kinywa. Kama bia ina ile harufu, Kitinda angeihamisha glasi yake ya maji kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama mtu anayetafuta nafasi ya kiwiko. Basi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huu ilikuwa damu yake mwenyewe. Miaka sita hawakukosea hata pipa moja. Miaka sita Bi Pua alichora misalaba juu ya mapipa ambayo yeye mwenyewe angeyanywa kwa furaha, na watu wakasema pua ile ni ya ajabu.

Sitamtetea. Alikuwa anadanganya, na alijua. Lakini bia ilitoka nzuri, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Kiwanda kilipotimiza miaka ishirini, Mzee akataka pipa moja lifungwe kwenye chupa peke yake, bila kuchanganywa, liuzwe kwa hoteli kubwa. Bi Pua alipendekeza la kumi na saba. Lilikuwa la miaka mitatu, na miezi mitatu nyuma alilichora duara kwa mkono wake, na Kitinda siku ile hakugusa glasi. Wanunuzi watatu wakaalikwa kuja kuonja siku ya Jumatano, saa nne, kabla watu hawajala kitu cha kuharibu ulimi. Kitinda ndiye aliyeingia ghalani kuchomoa msumari na kukinga jagi. Bi Pua alikuwa anapanga viti na kufuta glasi kwa kitambaa kisicho na sabuni.

Wakaketi. Mzee kichwani mwa meza, wageni upande mmoja, Kitinda upande wa pili, glasi yake ya maji ikiwa kulia. Bi Pua akasimama, akaiinua bia kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopozwa. Akazungusha, akanusa. Akasikia pasheni iliyokunjamana ganda, akasikia ngozi ya mkoba mpya, akasikia nyuma yake ganda la ndimu na jiwe lililonyeshewa. Akatupa jicho. Glasi ya maji ilikuwa kulia. Kitinda alikuwa ameinama, ameshaandika, na kijikaratasi ameshakifunika.

Akaanza kusema. Alisema kama dakika tano, na katika maisha yake hakuwahi kusema vizuri kama siku ile. Aliwaambia wageni hii ni bia ya mtu asiye na haraka. Aliwaambia wasiimeze upesi, waiache ipite chini ya ulimi. Mama mmoja, mwenye hoteli, aliyevaa miwani yenye mnyororo, alionja, akaiweka glasi chini na kufuta midomo kwa mgongo wa mkono. Wenzake wawili wakatazamana. Bi Pua aliwaona, akadhani ni ugeni wa uchachu, akaongeza maneno ili awasaidie. Alizidi kuisifu. Ndivyo ilivyokuwa: kadiri nyuso zao zilivyokunjamana ndivyo alivyozidi kuisifu.

“Husikii kitu kingine?” Mzee aliuliza.

“Kuna ndimu kwa mbali, Mzee.”

“Kitu kingine.”

Akatazama tena. Glasi ya maji ilikuwa pale pale, kulia, imetulia.

“Hakuna kingine, Mzee.”

Yule mama mwenye hoteli, ambaye hakujua taratibu za meza ile, akasema kwa upole kwamba samahani, yeye ni kama ameingia saluni.

Mzee alifunua kijikaratasi chake mwenyewe. Kiliandikwa: rangi ya kucha. Akanyoosha mkono, akafunua cha Kitinda, akakisoma kimoyomoyo, kisha akakisoma kwa sauti. Kilisema: Nimebanwa na mafua, sinusi kitu leo, naomba nisihesabiwe. Mzee akakiweka mezani polepole, akasema huyu ndiye mwonjaji, akiwa hana pua anasema hana pua.

Gari la wageni halijavuka geti, la kumi na saba lilikuwa limeshaviringishwa mpaka kwenye mfereji. Lita mia mbili na ushee zikaenda na maji ya kuoshea sakafu. Bi Pua alisikia sauti ya bia ikimwagika kutoka ofisini, kwa sababu alikuwa ameshaitwa ofisini.

Mzee alikuwa amepanga glasi tatu za maji, moja ameitia tone la rangi ya kucha ya karani. Bi Pua akanusa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudia, akaziweka. Akasema haoni haja ya kuendelea, akaeleza tangu lini. Mzee alimsikiliza bila hasira, na hilo lilimuuma kuliko hasira. Kisha akamuuliza swali moja tu la maana.

“Miaka sita hakuna hata pipa bovu moja lililopita. Nani alikuwa anakusaidia?”

“Hakuna, Mzee. Bahati tu.”

“Bahati ya miaka sita?”

“Mungu ana watu wake.”

Mzee hakuamini, lakini hakumbana. Bi Pua aliitoa chaki mfukoni, akaiweka juu ya meza kati ya zile glasi, na kesho yake akahamia chumba cha kubandika lebo. Kazi haikuwa ngumu. Unaikunja lebo kwenye chupa, unapitisha kidole gumba katikati, unafuata pembe. Alikaa na wasichana wawili wenye nusu ya umri wake, ambao walimwonea huruma kwa sauti kubwa, na kila asubuhi alipopita getini yule mfungua mageti alimsalimia kama mtu wa ukoo.

Jambo lililompa nguvu ni kwamba hakumtaja mdogo wake. Alilishika hilo kwa nguvu zote. Nimeanguka, alijiambia, lakini sikumvuta mwingine.

Kitinda alikuja kwake jioni ya siku ile ile ya wageni, leso mkononi, akisemea puani. Alisema mafua yalimshika asubuhi hiyo hiyo, pale alipoingia kwenye baridi ya ghala. Kwamba alijaribu kumkonyeza. Kwamba alivuta kamasi mara tatu makusudi ili dada ajue. Kwamba angeihamishaje glasi kwa harufu asiyoisikia? Alikuwa karibu kulia. Bi Pua akajaribu kukumbuka, na mtu akimpenda mtu kumbukumbu humtii. Akamsikia Kitinda akivuta kamasi mara tatu. Akaona hata jicho likikonyeza. Akajilaumu kwa kutokutazama vizuri, akaenda jikoni akamsagia tangawizi, akamkamulia ndimu, akamfunika na shuka lake mwenyewe. Siku nne alimpelekea tangawizi kwake, kwenye chupa ya chai, kabla ya kwenda kubandika lebo.

Mumewe alitazama yote hayo akiwa na misumari midogo mdomoni, maana alikuwa anapigilia soli. Akaitoa mmoja mmoja.

“Mafua gani hayo yanabisha hodi saa nne kasoro?” alisema.

“Wewe unajua viatu.”

“Navijua. Kila anayeniletea kiatu huniambia kimekatika chenyewe.”

Bi Pua alimwambia aache kumchimba shemeji yake. Fundi akasema yeye hachimbi, ila wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapo Bi Pua akanyanyuka, akaenda kulala chumba cha watoto, na siku mbili hakumsemesha fundi zaidi ya kumwambia chakula kiko mezani. Kumshuku Kitinda ilikuwa kama kushuku miaka yake yote, tangu alipokuwa na kumi na minne. Hakuwa na mahali pengine pa kusimama.

Mwezi ukapita. Siku moja Kitinda akaja tena, safari hii na mkewe na kilo mbili za sukari, akakaa ukingoni mwa kiti. Mzee amempa chaki. Lakini hajaipokea bado. Amekuja kwanza kuuliza. Akasema dada asipokuwa radhi, atakataa kesho asubuhi. Mkewe alikuwa anatazama sakafu.

Bi Pua akaipokea sukari, akaiweka kabatini. Akasema ataikataaje? Chaki ikitoka kwake iende kwa nani zaidi? Bora ibaki nyumbani. Akampa mawaidha: asionje akiwa na njaa sana, asionje akiwa ameshiba, asivae gauni, akacheka, maana nguo zote zitachafuka. Wakacheka wote. Kitinda alimbusu mkono kama alivyofanya siku ya harusi. Siku ya makabidhiano, watu walipopiga makofi ghalani, ya Bi Pua ndiyo yaliyosikika zaidi, na nakuhakikishia yalikuwa makofi ya kweli.

Wiki tatu baadaye alitumwa ghalani na boksi la lebo mpya, alinganishe namba za lebo na namba za mapipa kabla hazijabandikwa. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Alipoingia alisikia sauti ya Kitinda upande wa pili wa safu ya tatu. Alikuwa na waonjaji wapya wawili, mwanamume na mwanamke, na alikuwa anawafundisha makosa ya pipa. Bi Pua alisimama kidogo na boksi lake. Hakujificha. Alitaka tu kumsikia akifundisha.

“Hilo la rangi ya kucha mtaliogopa bure,” Kitinda alikuwa anasema, “kwa sababu watu hulieleza vibaya. Chukueni la kumi na saba, lile lililomwagwa. Asubuhi ile nilipochomoa msumari, hata jagi halijafika nusu, ikanijia. Sasa sikilizeni ilivyokuja. Haikuja kama saluni, saluni ni neno la wageni. Ilianza tamu, kama peasi iliyosahauliwa kwenye begi la shule. Ukingoja, ule utamu unajikunja, inafuata baridi inayopanda mpaka nyuma ya macho, kama mtu amekufungulia dirisha kichwani. Na chini yake pasheni bado ipo, safi kabisa, inakuomba uisamehe bia. Hapo ndipo unapotakiwa uwe na roho ngumu.”

Na Bi Pua, Mungu amsamehe, jambo la kwanza alilolisikia moyoni lilikuwa fahari. Mtoto yule hakuishia kwenye neno moja. Aliifuata harufu mpaka nyumbani kwake. Hakuna mwonjaji, awe amezeeka vipi, ambaye angeweza kuieleza vizuri zaidi. Fahari ile ilidumu kama pumzi mbili. Kisha maneno mengine yakafika, yale madogo ya mwanzoni, ambayo Kitinda alishindwa kuyaacha kwa sababu mwonjaji aliyekutana na harufu kama ile hawezi kukaa nayo tumboni maisha yake yote. Mdomo huponza kichwa.

Akazunguka safu.

“Ulipochomoa msumari?” aliuliza.

Kitinda aligeuka. Mkono wake ulipanda kwenye pua, ukashuka. Aliwaambia wale wawili waende wakaoshe glasi, na glasi zilikuwa safi. Wakaondoka bila kuuliza.

Alijaribu kidogo. Alisema alikuwa anasimulia tu alivyosimuliwa na Mzee. Bi Pua akamngoja amalize. Mzee kwa maisha yake yote hakuwahi kusema zaidi ya maneno matatu kuhusu harufu yoyote, na wote wawili walilijua hilo.

“Nilikupikia tangawizi siku nne,” Bi Pua alisema.

“Dada.”

“Ulizinywa zote?”

Alijibu jingine, lile ambalo bila shaka alikuwa amelala nalo muda mrefu. Alisema miaka sita ananusa yeye na anasifiwa mwingine. Miaka sita yeye ni mtu wa kusogeza glasi. Watoto wake wakiulizwa baba yao anafanya kazi gani wanasema anaosha mapipa ya shangazi. Alisema kwa sauti ya chini, bila ukali, na uso wake ulikuwa ule ule wa miaka minne, wa mtoto aliyevunja kitu na bado anaona alikuwa na haki ya kukishika.

“Ungeniambia,” Bi Pua alisema.

“Ungenipa chaki?”

Alitaka sana kusema ndiyo. Asingempa, na alijua asingempa, na kule kujua kulimwongezea uchungu badala ya kuupunguza, maana sasa hakuweza hata kulia kama mtu aliyeonewa tu.

“Ungekwenda kwa Mzee ukanisema,” alisema. “Ningelia, ningekulaani, yangeisha. Lakini ulikaa pale. Ulikuwa unaniona. Ukaniacha niseme.”

Kitinda alitazama sakafu ya ghala.

“Ulikuwa unasema vizuri, dada,” alisema. “Kwa kweli nilitaka uendelee.”

Na mbaya zaidi, ilikuwa kweli. Bi Pua alimfahamu kuliko mtu yeyote duniani, na aliona kwamba ilikuwa kweli. Akaliweka boksi la lebo juu ya pipa lililokuwa karibu, akamwambia namba zimekaa sawa, ingawa hakuwa amezilinganisha hata moja. Alitoka nje.

Uani kulikuwa na jua kali. Akakaa kwenye ukingo wa mfereji, mahali walipomwaga mapipa, akakunja gauni magotini ili lisilowe. Wasichana wa lebo walimwona kwa dirishani, wakajua wasimwite. Alidhani angekuwa anafikiria chaki, au mama yao, au namna atakavyomwambia fundi kwamba alisema kweli. Badala yake alikuwa anarudia taratibu, kama mtu anayejifunza shairi: peasi kwenye begi la shule, utamu unajikunja, dirisha kichwani, pasheni inakuomba uisamehe. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuijua harufu ile, na hakuna mwingine ila Kitinda ambaye angeweza kumweleza akaisikia kweli. Sasa alikuwa anaisikia.

Alilia hapo mpaka kengele ya kurudi kazini ilipogongwa, kisha akanawa uso kwenye bomba na kwenda kubandika lebo.